Gitaa la galoni: anza na shingo, bati baadaye

Wengi wakiamua kutengeneza gitaa nyumbani kitu cha kwanza wanatafuta kopo. Hata mimi nilianza hivyohivyo, nilipata galoni la bati la lita 5, lile la mstatili la thina, nikalisuuza na sabuni ya unga siku 2 mpaka harufu ikaisha, nililipenda lile galoni jamani, alafu nikaokota mti wowote nyuma ya nyumba nikaupigilia misumari pale juu. Nilipokaza nyuzi bati likakunjika kama karatasi, mti ukainama mbele, na asubuhi yake nyuzi zilikuwa juu kiasi kwamba unapitisha kidole chini yake.

Ndio maana nasema gitaa liko kwenye shingo. Kopo ni la kukuza sauti tu, kopo lolote litakukubalia, ila shingo ikiwa mbovu hakuna kitu utafanya baadaye kikasaidia.

Kwa hiyo nenda kwanza kwa fundi seremala muombe kipande kwenye makombo yake. Mbao kavu, ngumu, mninga au mtiki ukipata ni vizuri sana, urefu kama sm 90, upana sm 4 au 5, unene sm 2 na nusu hivi. Iangalie kwa jicho moja toka mwisho hadi mwisho kama wanavyofanya mafundi, ikipinda hata kidogo achana nayo. Mti mbichi usijaribu kabisa, ukikauka unajikunja na freti zote, yaani vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kwenye shingo unapobonyezea nyuzi, zinaharibika.

Sasa hii mbao isiishie kwenye galoni, ipite ndani itokee upande wa pili. Kama umewahi kuona zeze la Wagogo kule Dodoma, lile ambalo marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki, alizunguka nalo dunia, mti wake unakitoboa kibuyu unapita. Wazee walishalijua hili siku nyingi. Nyuzi unazifunga kwenye ule mkia wa mbao unaotokeza nyuma kama sm 3, hivyo mvuto wote unabebwa na mbao, bati halivutwi na mtu. Pale mbao inapopita ndani ya galoni ichonge na patasi ishuke kama nusu sentimita isiguse uso wa bati, maana ikigusa uso hautetemeki na sauti inakuwa butu kama unagonga meza. Ukishakata matundu ya kupitishia piga tupa kingo zote, mimi nazivalisha na kipande cha tyubu ya baiskeli kwa sababu bati lililokatwa linachana mkono vibaya, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Juu kwenye shingo, sehemu ambayo nyuzi zinaanzia, weka boliti nene ulaze kwenye kijifereji. Yale meno ya boliti yanashika nyuzi zisitembee, huna haja ya kuchonga chochote. Chini juu ya bati unasimamisha kijiti cha mbao ngumu bila gundi, nyuzi zenyewe zitakibana. Usikigundishe, utaona kwa nini.

Tuje kwenye freti sasa, hapa ndio nilipoteza miezi. Gitaa langu la pili lilikuwa imara, shingo nzuri, nikaazima gitaa la kwaya kanisani nikapima freti zake kwa rula nikazihamishia kwangu zilezile. Nikipiga nyuzi wazi tamu, nikibonyeza freti ya 3 au ya 5 inatoka sauti ya ajabu, nikadhani nyuzi mbovu, nikabadilisha nyuzi mara 2. Mwalimu wa kwaya akaja akaweka kidole katikati ya uzi akaniuliza, hapa panatakiwa patoke nini? Nikajibu do ya juu. Akasema haya, freti yako ya 12 iko hapa? Haikuwepo hapo. Gitaa la kanisani toka juu mpaka kwenye kijiti ni kama sm 65, la kwangu sm 58, yaani nilivaa kiatu cha mtu mwingine.

Kila urefu una freti zake. Unachofanya, chukua urefu wa uzi toka boliti hadi kijiti gawanya kwa 17.817, jibu ndio umbali wa freti ya kwanza. Kinachobaki gawanya tena kwa 17.817 unapata umbali wa toka ya kwanza kwenda ya pili, hivyohivyo mpaka umalize. Mfano uzi wa sm 60, ya kwanza inakaa sm 3.37, zinabaki 56.63, ya pili unaongeza 3.18, ya tatu unaongeza 3.00. Simu ina kikokotoo, tumia. Na unajikagua hivi: ya 5 iangukie karibu kabisa na sm 15 ambayo ni robo ya uzi, ya 7 karibu na sm 20 ambayo ni theluthi, ya 12 sm 30 katikati. Zisipoangukia hapo rudia hesabu kabla hujashika msumeno.

Freti zenyewe ni spoku za baiskeli zilizokatwa, fundi baiskeli anakupa zilizovunjika bure. Kata mfereji mwembamba na msumeno wa chuma, laza spoku, dondoshea supa gluu, alafu piga tupa ncha zisikwaruze kiganja.

Nyuzi, huku Mwanza mimi natumia mshipi wa kuvulia samaki, wauza nyavu kule soko la Mwaloni wanao wa kila unene. Kwa nyuzi 3 chukua mm 1.0, mm 0.7 na mm 0.5, unazituni do, so, do ya juu, zote zinakaza karibu sawa na vidole haviumii. Wengine wanafumua waya wa breki wa baiskeli wanatumia uzi mmojammoja, unalia kwa nguvu kweli ila ukikatika unaruka, usiweke uso karibu wakati unakaza. Za kukazia ni skrubu zile zenye jicho. Kama utachonga vigingi vya mti vikawa vinateleza, vipake chaki.

Ukishafunga, piga uzi wazi alafu bonyeza freti ya 12, zilingane, moja chini moja juu, kama do na do ya juu. Ukibonyeza ikawa juu zaidi sogeza kijiti nyuma kuelekea mkiani, ikiwa chini sogeza mbele, kidogokidogo milimita kwa milimita. Ndio maana nilisema usikigundishe. Na kama bado ukibonyeza freti za mwanzo sauti inapanda, boliti yako iko juu mno, ishushe, iwe juu ya freti ya kwanza kwa unene wa kadi ya simu tu.

Mshipi mpya unavutika sana, siku 3 za kwanza utatuni kila baada ya wimbo mmoja, usikate tamaa ukadhani umekosea. La kwangu la tatu ndio hili, mwaka wa 4 sasa, nimebadilisha kijiti mara moja na nyuzi sijui mara ngapi, jioni mwanangu analichukua anakaa nalo kibarazani na shingo haijainama hata kidogo.