Barua kwa mwanangu: ndege ni ile inayorudi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na ugomvi wenu nimeusoma wote. Mnataka niamue nani alitangulia kuruka kwa ndege yenye injini: akina Wright, yaani Wilbur na mdogo wake Orville wa Marekani, kama unavyoshikilia wewe, au Alberto Santos-Dumont, yule Mbrazili aliyerukia Paris, kama anavyosema dada yako. Mmekua watu wazima na bado mnaniletea kesi.

Mimi swali langu mnalijua. Nani alitangulia kuruka akarudi pale alipoondokea? Kutoka ardhini hata kishada kinatoka. Ndege ni ile inayorudi.

Chukua hiyo 17 Desemba 1903 uliyoipigia mstari. Orville alikaa hewani sekunde 12, akaenda mita 36 na ushei. Wilbur, katika mruko wa nne siku hiyohiyo, alifika mita 260 kwa sekunde 59. Yote mbele moja kwa moja, upepo ukiwapiga usoni. Kisha upepo huohuo ukaibiringisha ndege ikiwa imesimama mchangani, ikavunjika. Siidharau siku ile, nami ile picha ya Wilbur kasimama pembeni akimtazama mdogo wake akiinuka haijawahi kunichosha. Lakini hakuna aliyekata kona.

Kona ya kurudi hadi mwanzo ilikuja 20 Septemba 1904, kwenye malisho ya ng'ombe ya Huffman Prairie, karibu na Dayton, Ohio. Wilbur alizunguka duara zima kwa dakika moja na sekunde 36. Aliyeshuhudia na kuandika ni Amos Root, muuza vifaa vya wafuga nyuki, naye akaichapa habari hiyo Januari 1905 katika jarida lake la ufugaji nyuki. Habari kubwa kama hiyo, ikatokea katikati ya mizinga na asali! Mwaka huohuo wa 1905, tarehe 5 Oktoba, Wilbur akauzunguka uwanja huo kwa dakika 39 bila kutua.

Siri yao ilikuwa bawa. Mwaka 1899, katika duka lao la baiskeli, Wilbur alishika boksi tupu la mpira wa ndani wa tairi, akalipotoa kwa mikono miwili, ncha hii juu, ile chini, akaona bawa linaweza kufanywa vivyo hivyo. Rubani wao alilala kifudifudi, nyonga zake ndani ya kitanda kidogo chenye nyaya. Akisogeza nyonga, mabawa yanapotoka, ndege inainama upande na kukata kona.

Nikifika kwenye hilo boksi nakuona wewe, una miaka tisa, siku ya mashindano ya ndege za karatasi. Wenzako wote walikunja ncha kali wakazirusha kama mishale. Wewe ulikuwa umekaa chini unakunja ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto kwa ukucha, kidogo mno, unajaribu, unanyoosha, unakunja tena. Uliporusha, ilipanda, ikalala kushoto, ikazunguka juu ya vichwa vya watu, ikarudi kutua karibu na kiatu chako. Baba yako alisimama kabisa. Mwamuzi akaja na utepe wake, akapima kutoka kwenye mstari hadi ilipoangukia, akaandika sifuri.

Nami nilinyamaza. Nilikwambia "si kitu, twende nyumbani." Kilikuwa kitu, mwanangu. Nilipaswa kumfuata yule bwana nimwambie kwamba umbali uko juu kule, kwenye duara, na utepe wake haufiki.

Sasa dada yako atasema napendelea, na ana haki ya kusema. Duara langu la 1904 lilianza kwenye reli, ndege ikivutwa na uzito ulioangushwa kutoka mnarani. Santos-Dumont aliondoka kwa magurudumu yake mwenyewe, mbele ya umati wa Paris, na tarehe 12 Novemba 1906 akaenda mita 220. Hilo siwezi kulipangua. Na kama napima kwa kurudi, basi huyohuyo mwaka 1901 alitoka Saint-Cloud kwa puto lake lenye injini, akauzunguka Mnara wa Eiffel, akarudi. Safari hiyo ilikuwa na tuzo ya pesa, nayo ilitaka aimalize kwa dakika 30. Alipita juu ya mstari kabla muda haujaisha, lakini kamba yake ya kutulia ilidakwa na watu wa chini baada ya muda kupita, na waamuzi wakabishana kama ahesabiwe. Mwishowe walimpa, naye pesa akazigawa kwa maskini wa Paris na kwa mafundi wake. Unaona? Na yeye alipimwa kwa utepe. Moyo wangu hauwezi kumkataa.

Ila lile lilikuwa puto. Puto linaelea lenyewe. Ndege ikizembea inaanguka. Halafu najiuliza, je, kuelea ni kosa? Aliyekata kona angani kwa injini ni aliyekata kona, hata kama kabebwa na gesi. Hapana. Tuliuliza habari za ndege. Au ni wewe uliyeuliza ndege, na mimi ndiye niliyeingiza mambo ya kurudi?

Hukumu siitoi. Dada yako akikuuliza, mwambie Mama bado anapima. Ila ni 1904, mwanangu. Tarehe 20 Septemba.

Mama yako