Leseni ilishaisha na nimekaa nyumbani miaka kumi, naweza kurudi kwenye unesi?

SWALI: Habari. Mimi ni nesi wa diploma, nilimaliza chuo 2009 nikafanya kazi hospitali ya misheni huku Tanzania mpaka 2014, nikaacha ili nilee watoto, baadaye nikamuuguza mama mkwe aliyepata kiharusi. Sasa nina miaka 41. Leseni ilishaisha muda zamani. Je usajili wangu umefutika, itabidi nirudi chuo? Serikalini bado naweza kuajiriwa? Na naogopa mikono imesahau kila kitu.

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuuguza na hongera kwa kuamua. Nimekuwa inchaji wa wodi muda mrefu na nimepokea manesi waliorudi baada ya kulea, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyaona kazini.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya. Cheti cha usajili ulichopewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga ni kitu kimoja, na leseni ya kufanya kazi ni kingine. Iliyokwisha muda ni leseni. Diploma yako iko palepale, kukaa nyumbani hakukufanyi uache kuwa umesoma, kwa hiyo usikimbilie kulipa ada ya chuo upya kabla hujaongea na Baraza lenyewe. Anza nao kabla hata hujapeleka CV popote, waulize leseni inahuishwaje kwa mtu aliyekaa nje muda wote huo, ada kiasi gani, pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kazini) ngapi, na kama watataka ufanye mazoezi chini ya usimamizi kwanza. Andaa vyeti vyote na kitambulisho cha NIDA, na kama jina la NIDA ni la ndoa na vyeti vina jina la baba, hilo lishughulikie mapema maana linakwamisha wamama wengi sana.

Halafu tafadhali, usije ukaanza "kujitolea" kwenye zahanati ya mtu wakati leseni bado. Utasikia njoo tu dada tusaidiane, mambo ya karatasi baadaye. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haiangalii kama unalipwa au hulipwi, ukimgusa mgonjwa unafanya kazi ya uuguzi, na siku dozi ikienda vibaya utabaki peke yako.

Mikono sasa. Kanula, katheta, mpira wa kulishia puani, hivyo vinarudi, ukienda skills lab ya chuo cha uuguzi kilicho karibu ukaomba kufanya mazoezi kwenye midoli utashangaa. Na mama mkwe ulikuwa unamgeuza, unamlisha, unazuia vidonda vya mgongo, kwa hiyo mikono haijalala kabisa. Mimi kinachonitisha kwa nesi anayerudi ni kile anachokikumbuka vizuri, sio kile alichosahau. Aliyesahau atauliza, anayekumbuka ataenda moja kwa moja na dozi ya 2012.

Mfano malaria kali. Wewe umekulia kwenye kwinini ya dripu kila masaa nane. Siku hizi ni artesuneti ya sindano, saa 0, saa 12 na saa 24, halafu mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza ndipo anapewa dozi kamili ya ALu, vidonge vya malaria. Mtu mzima ni mg 2.4 kwa kilo, lakini mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa mg 3 kwa kilo, yaani mdogo anapata zaidi kwa kila kilo, na hapo ndo watu wanateleza. Ukishaichanganya itumike ndani ya saa moja, usiiweke kwenye trei ukaenda kupokea ripoti.

Leba pia. Mama akivuja damu baada ya kujifungua tulizoea kufanya kitu kimoja, tukisubiri, tukishindwa tunaongeza kingine. Sasa tunafanya vyote kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, dripu, traneksamiki (dawa ya kuzuia kuvuja damu) gramu 1 taratibu kwenye mshipa ndani ya masaa 3 tangu ajifungue, na kumkagua chanzo ni nini huku msaada unaitwa. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, na Tanzania ilikuwemo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kugundua mapema na kufanya hivyo kunapunguza madhara makubwa ya kuvuja damu kwa 60%. Hiyo ni roho za wamama, isome mpaka ikae kichwani.

Na ulipomaliza chuo kufufua mtu ilikuwa ABC, njia ya hewa kwanza. Toka 2010 kwa mtu mzima ni kubonyeza kifua kwanza, 100 mpaka 120 kwa dakika, ila kichanga aliyezaliwa hapumui, yeye bado unaanza na hewa. VVU nako hatusubiri CD4 (kipimo cha kinga ya mwili) ishuke tena, akipimwa akakutwa nayo anaanzishiwa dawa. Tafuta mwongozo wa matibabu wa taifa toleo la sasa usome, yale madaftari ya chuo weka pembeni kabisa.

Serikalini: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanasema umri usizidi miaka 45 isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Kwa hiyo una muda lakini sio wa kuchezea, leseni isikuchukue mwaka mzima. Ila kama hiyo misheni ilikuwa hospitali teule, yaani ya misheni iliyoteuliwa na serikali, na ulikuwa na cheki namba ya mshahara wa serikali, habari inabadilika, kuna faili lako mahali, ulizia uliachaje kazi kwenye kumbukumbu zao kabla hujaomba upya. Binafsi hawana ukomo huo, wanaangalia leseni na uwezo.

Kwenye CV usifiche hiyo miaka, andika mstari mmoja kwamba ulikuwa unalea na kuuguza mzazi nyumbani. Na kwenye intavyuu, kabla hujasaini mkataba, omba waziwazi kwamba mwezi wa kwanza usipangwe shifti ya usiku peke yako, wakikukatalia hilo tafuta hospitali nyingine.