Kujumlisha matriksi kwa Python: mbona mistari imeongezeka?

Ndugu, umejumlisha matriksi mbili (majedwali ya namba), A na B, za mistari 2 na safu wima 3, ukapata mistari 4. Hujakosea kuihesabu mistari hiyo. Kwenye orodha za Python, A + B huziunganisha tu, kama mabehewa ya treni. Tumia lupu (msimbo unaojirudia) ndani ya lupu, i ikipita kwenye mistari na j kwenye safu wima, ujaze matriksi ya jibu, C:

C[i][j] = A[i][j] + B[i][j]

Ila angalia unavyoandaa C. Mimi niliandika [[0]*3]*2, nikakesha! Mistari yote miwili huwa orodha ileile. Ukigusa wa kwanza, wa pili nao unabadilika. Andika [[0]*3 for i in range(2)].

Vipimo vya A na B lazima vilingane. Data ikiwa kubwa, geuza A na B kwa np.array ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python. Huko A + B inajumlisha kweli.