Jibu: Dedilifti inakuponyoka mkononi? Chaki ya shule siyo dawa

Mkuu, umesema viganja vinatoka jasho, dedilifti (kunyanyua chuma chenye uzito kutoka sakafuni hadi usimame wima) inakuponyoka kabla mgongo haujachoka, na jamaa wa jimu wanakwambia usage chaki ya ubaoni. Hilo la chaki ya ubaoni achana nalo. Chaki ya darasani ni jasi au chokaa iliyogandishwa ili iandike. Ukiisaga unapata vumbi linaloelea juu ya jasho. Wanayotumia wanyanyua vyuma, wana jimnastiki na wapanda miamba ni magnesiamu kaboneti: nyeupe vilevile, nyepesi, inanyonya unyevu na haiyeyuki kirahisi. Ulizia duka la vifaa vya michezo, inauzwa ikiwa vipande au unga.

Poda ya mtoto ndiyo kabisa usiiguse. Wale wa mashindano huipaka mapajani makusudi ili chuma kiteleze kikipanda, na wanajihadhari isifike viganjani.

Mimi nafanyia mazoezi Dar, jimu ya mtaani, bati juu na feni moja. Mwezi wa tatu humo ndani unalowa hata ukiwa umekaa. Kwa hiyo ninayosema ni ya joto letu, wenye kiyoyozi mtanisamehe.

Anza na mikono yenyewe. Wengi wetu tukishaoga tunajipaka mafuta, na jioni bado yamo kwenye ngozi. Chaki ikikutana na mafuta inageuka ugali. Nawa kwa sabuni, hata ya kufulia, jikaushe kwa taulo, ndipo upake. Na upake kidogo! Ukijaza unga, unabaki tabaka kati ya ngozi na chuma, na tabaka hilo lenyewe ndilo linaloteleza. Sehemu za maana ni pale vidole vinapoanzia, vidole kwa ndani, na dole gumba, ambalo watu hulisahau. Katikati ya kiganja hakuna kazi kubwa, kwa sababu chuma hakitakiwi kukaa pale. Ukikishika katikati, kikipanda kinajiviringisha kuelekea vidoleni na kukunja ngozi, na hapo ndipo sugu zinapobanduka. Kishike kwenye mashina ya vidole tangu mwanzo. Sugu zikiwa nene zisugue kwa jiwe la kusugulia miguu ukitoka kuoga.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapa watu huilaumu chaki bure. Chuma cha olimpiki, kile cha kilo 20, kina unene wa milimita 28 hivi na kimechongwa vijimistari vinavyokwaruza. Chaki inakausha ngozi ili vijimistari vile viume. Jimu nyingi za mtaani zina bomba la maji lenye zege pembeni, laini, mara nyingi nene zaidi. Hapo chaki itaondoa jasho, basi. Kwetu tulilipiga msasa sehemu ya kushikia, rangi ikatoka, na mshiko ukabadilika kuliko chaki ilivyowahi kuubadilisha. Wapo wanaozungushia mpira wa tyubu ya baiskeli: unanata vizuri, ila unaongeza unene, na chuma kikiwa kinene vidole havifungi. Glovu zina tatizo hilohilo.

Ukimaliza, sugua chuma kwa brashi ya nailoni. Chaki iliyochanganyika na jasho inaziba michongo na inashika unyevu, na kwa hewa hii ya bahari kutu haichelewi.

Mwenye jimu akikataa vumbi (na wala simlaumu, anayefagia ni yeye), kuna chaki ya maji. Ni unga uleule ndani ya spiriti. Tone dogo, sambaza, subiri ikauke kabisa kabla ya kugusa chuma. Inadumu seti kadhaa (yaani raundi za kunyanyua), lakini ukiwa na mchubuko utaruka. Njia nyingine ni kutia unga kwenye soksi safi, kuifunga, kisha kujipigapiga nayo viganjani. Yale makofi ya kurusha wingu jeupe ni mbwembwe, na mwenye pumu pembeni anateseka.

Kiganja kikiwa kikavu na bado vidole vinafunguka, basi tatizo siyo jasho tena, ni nguvu ya mshiko. Mimi seti nyepesi nazifanya bila chaki, viganja vyote vikitazama mwilini, chaki naiacha kwa seti nzito. Kugeuza kiganja kimoja kitazame mbele kunasaidia sana kwa kuwa chuma kinashindwa kujiviringisha, ila kiwiko cha mkono huo kisikunjwe hata kidogo. Msuli wa mbele wa mkono unaweza kuchanika hapo. Kubana dole gumba chini ya vidole kunauma wiki za mwanzo, lakini mimi ndiko nilikobaki. Mikanda ya kufunga viganja kwenye chuma naitumia mwishoni tu, mgongo ukitaka kazi ambayo vidole vimeshindwa. Kama una ndoto za kushindana, usiizoee: kanuni za IPF (shirikisho la kimataifa la powerlifting, mchezo wa kunyanyua vyuma wenye dedilifti) zinaruhusu chaki, mikanda hiyo haziruhusu kwenye dedilifti.

Hebu tuambie chuma cha hapo kwenu kina michongo au ni bomba. Kama ni bomba, nunua msasa kwanza, chaki itafuata.