Usinunue bodi kabla hujapima: msimbo hautaji kifaa kilichokufa

Usiinunue hiyo bodi. Umeandika kwamba mashine yako ya kukaushia nguo husimama baada ya dakika chache na kuonyesha msimbo wa hitilafu ya kihisi joto, kwamba umeshaipata mtandaoni bodi kuu, yaani ule ubao wa kielektroniki unaoiongoza mashine, na kwamba unataka kujua kama ununue mpya au iliyotumika, kama unaweza kuendelea kukausha kwa hewa baridi wakati unaisubiri, na namna ya kuufuta huo msimbo. Nimelisoma swali lako mara mbili, nikahisi kama ninasoma maneno yangu mwenyewe ya siku chache kabla sijazitupa fedha zangu, kwa hiyo ukiona ukali katika jibu hili, ujue kwamba haukulengi wewe.

Mashine yangu ilifanya vivyo hivyo: ilizunguka, ikapiga mlio, ikasimama, ikaandika herufi na tarakimu zake. Nilipoutafuta msimbo ule nilimpata bwana mmoja kwenye video, mwenye sauti ya kutuliza wagonjwa, aliyesema bila kupepesa macho kwamba tatizo ni bodi kuu, hakuna jingine, na kwamba kupima ni kupoteza muda. Chini ya video hiyo alikuwa ameweka kiungo cha kununulia bodi ile ile, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelitilia shaka, lakini mimi wakati huo nilikuwa mtu mwenye nguo mbichi.

Nikanunua, tena mpya, na bei yake ilikaribia nusu ya thamani ya mashine nzima. Nilichomoa plagi ukutani, nikafungua mfuniko, nikapiga picha kila waya ulipochomekwa, nikaitoa bodi ya zamani, nikaifunga mpya kwa uangalifu ambao ulinifanya nijione fundi. Nilipowasha, mashine ilizunguka kwa dakika zile zile, ikasimama, ikaandika msimbo ule ule, kana kwamba hakuna aliyeigusa. Muuzaji alikataa kuipokea bodi kwa hoja kwamba spea za umeme zikishafungwa kwenye mashine hazirudishwi, kisha, bila haya, akasema huenda hata hiyo mpya ina kasoro na kwamba angenipunguzia bei nikichukua ya pili. Ninaona aibu kukiri kwamba nililifikiria pendekezo hilo kwa siku mbili.

Kilichoniokoa ni kipima umeme kidogo, kile cha mkononi chenye waya mwekundu na mweusi, ambacho kilikuwa kimelala ndani ya droo muda wote huo. Nilichomoa plagi, nikaitenga themista, yaani kile kihisi joto chenyewe, nikaipima, nayo ikasoma karibu kilo-omu 10 za ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa themista za aina yangu kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Kihisi kizima, basi. Kisha nikairudisha, nikaenda upande wa pili, nikachomoa kwenye bodi soketi ya nyaya mbili zitokazo kwenye themista, nikapima hapo, na mita haikusoma chochote. Kihisi kilikuwa kizima na bodi haikuwa imehusika kabisa. Njia kati yao ndiyo iliyokatika. Niliufuata waya kwa vidole hadi nikafika karibu na feni, nikaikuta plagi ndogo ya kuungia nyaya imechomoka nusu, mahali pale pale nilipokuwa nimesugua kwa brashi wiki moja kabla nikitoa vumbi la nyuzi za nguo. Naam, mimi mwenyewe ndiye niliyeichomoa. Niliisukuma ndani, ikalia “tik”, na msimbo haujarudi tangu siku hiyo. Bodi ya zamani ninayo kabatini, nzima kabisa, na mtu akiniuliza husema kwamba ni ya akiba.

Elewa mashine inavyofikiri na hutadanganyika. Bodi hupitisha umeme mdogo kwenye themista na kusoma ukinzani wake, ambao hushuka kadiri joto linavyopanda. Ikisoma ukinzani mkubwa mno, kana kwamba waya umekatika, au mdogo mno, kana kwamba nyaya zimegusana, huandika msimbo. Haiwezi kutofautisha kihisi kilichokufa na waya uliochubuka au plagi iliyolegea, kwa sababu kutoka pale ilipo vyote huonekana sawa. Kwenye mashine za LG, kwa mfano, msimbo tE1 hulalamikia mzunguko wa kihisi joto, ilhali d80, d90 na d95 hazihusu kifaa chochote, bali huonya kwamba bomba la kutolea hewa limeziba kwa takriban asilimia 80, 90 au 95.

Kwa hiyo chomoa plagi ukutani, maana kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi, kisha pima kwanza kwenye soketi ya upande wa bodi, kwa kuwa kipimo hicho kimoja hukagua kihisi na nyaya zake kwa pamoja. Utikise waya taratibu huku ukitazama mita. Namba ikirukaruka, umeshampata mwizi. Baadaye pima themista yenyewe, uishike kiganjani ipate joto, na namba inapaswa kushuka polepole bila kuruka. Kiwango sahihi cha mashine yako kitafute katika karatasi ya mafundi, ambayo watengenezaji wengi huificha ndani ya mashine nyuma ya paneli. Bodi ishuku pale tu ambapo namba ni sahihi katika sehemu zote mbili na msimbo bado unarudi.

Kuna mwingine atakayekushauri uunganishe waya kuruka fyuzi ya joto, kile kifaa kidogo kinachokata umeme joto likizidi, ili mashine “ifanye kazi kwanza”. Mimi nilishauriwa hivyo, na huo ndio ushauri mbaya pekee niliowahi kuukataa. Fyuzi hiyo hukatika mara moja tu, mara nyingi kwa sababu hewa moto haikupata pa kutokea, na ukiiruka umeondoa kinga iliyosimama kati ya hita na vumbi la nguo linaloshika moto kwa urahisi. Ikiwa imekatika, ibadilishe, na usiwashe kabla hujasafisha bomba lote.

Niandikie namba mbili, ya kwenye soketi ya bodi na ya kwenye themista, pamoja na msimbo wenyewe kama ulivyo, kabla hujamlipa mtu yeyote.