Kijiti cha Binti Yangu Kimetoa Miiba

SWALI: Shangazi, hujambo? Binti yangu ni muuguzi Ayalandi, huu ni mwaka wake wa pili. Usiku wa Oktoba 31 wenzake wa kazini walimwalika kwenye sherehe ya Samhain, sikukuu ya dini ya kale ya huko. Waliwasha moto, mama mmoja akamtolea vijiti vitatu vya kubashiri, vyenye alama, naye akanitumia picha. Cha tatu, kinachohusu msimu unaokuja, kinaitwa Straif, mti wa miiba. Tangu siku hiyo silali. Dada yangu anasema mwiba huo ni jirani yetu tuliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba, na anataka twende kwa mganga Kakamega athibitishe. Nifanye nini? — Mama Muuguzi, Nakuru

JIBU: Pole sana, mama. Mtoto akiwa mbali, usingizi wa mzazi huwa mwepesi. Vijiti hivyo navijua. Niliishi Galway miaka miwili nikisoma, na mama mwenye nyumba alikuwa mfuasi wa dini hiyo ya kale iliyofufuliwa. Nami nilikaa mbele ya moto wake usiku kama huo.

Samhain, wao hutamka "sauin", ni mlango wa majira ya baridi. Zamani ndipo ng'ombe waliporudishwa kutoka malisho ya kiangazi. Siku hiyo jua la Galway huzama kama saa kumi na moja jioni, na ikifika Desemba, saa kumi na nusu giza linaingia. Mtu aliyekulia Nakuru, ambako jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, giza lile humlemea. Hata bila kijiti, binti yako alikuwa anaingia msimu mgumu.

Itazame tena ile picha. Straif ni mikato minne ya mshazari juu ya mstari mmoja. Hayo ni maandishi ya kale ya Ayalandi yaitwayo ogamu, ambayo mwanzoni yalikuwa na herufi 20, yaliyochongwa kwenye mawe karne nyingi zilizopita, na mengi ya mawe hayo yanataja tu jina la mtu na la baba yake. Ipo simulizi ya kale ya druidi, yaani kuhani wa dini hiyo, aliyeandika ogamu kwenye fimbo nne ili amtafute malkia Étaín aliyepotea, lakini huku kutandaza vijiti na kuuliza habari za msimu, jinsi kunavyofanywa leo, ni mambo ya karne ya 20.

Mimi nilichomoa Beith, mkato mmoja tu: mti wa gome jeupe unaotangulia kuota penye ardhi tupu. Mama mwenye nyumba hakuniambia nitapata hiki wala kile. Aliniuliza, "Kwako ni wapi pamebaki patupu?" Sikumjibu. Usiku ule niliandika daftarini jina la kaka yangu, ambaye hatukuwa tumesemezana tangu matanga ya bibi yetu. Kesho yake nikampigia simu. Desemba baba akafariki, Ahero. Nilikikasirikia kile kijiti, maana Beith ni mwanzo, na mimi nilikuwa nazika. Ilipofika Februari 1, sikukuu yao ya Imbolc, nilifungua daftari nisome nilichoandika. Nikaliona jina la kaka, yeye aliyenipokea uwanja wa ndege wa Kisumu na kukesha nami usiku wote kando ya jeneza. Nililia sana.

Sasa nikuambie lile linaloniuma. Katika msiba huo huo, watu wa ukoo walikwenda kupiga ramli wakarudi na jina: mjane wa boma la tatu, aliyekuwa akimletea baba uji kila asubuhi. Hakuna aliyemgusa, namshukuru Mungu. Lakini hakuna aliyemsalimia tena, na kabla ya mvua za Machi alikuwa amehama. Mama, kijiti cha binti yako kimetaja mti. Aliyetaja mtu ni dada yako. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Sheria yetu ya uchawi, ya mwaka 1925, inasema kumshutumu mtu hivyo ni kosa. Nakusihi, msiende Kakamega, na jina la jirani lisitamkwe tena mezani kwako. Habari za mpaka mpelekeeni chifu.

Mti wenyewe wa Straif pia nimeuona, umejaa kwenye nyua za mashamba kule. Mwiba wake ukivunjikia kidoleni hutunga usaha. Matunda yake ni kama zambarau ndogo, nilitafuna moja na ukakasi ukanikausha mdomo mzima. Ila Machi hivi, kabla hata jani moja halijatoka, mti wote hugeuka mweupe kwa maua.

Mpigie binti. Mwulize yeye alimjibu nini yule mama alipokiona kijiti cha tatu, kisha unyamaze umsikilize. Huenda ni zamu za usiku, huenda ni upweke, huenda kuna deni hajakuambia. Ile nauli ya Kakamega inunulie bando, mwongee kwa video, akuonyeshe chumba chake na koti lake la baridi. Na Machi mwombe akutumie picha ya ule mti.