Breki za nyuma za pikapu ya mizigo: kabla ya kufunga mpya, soma za zamani

Kila anayeniuliza habari za breki za nyuma za pikapu huanza na swali lile lile: padi zinatolewaje? Hilo ni jepesi na nitalieleza. Swali ninalotamani mtu aje nalo ni jingine: hizi zilizokwisha, zimekwishaje? Kwenye gari dogo la kutembelea unaweza kubadilisha padi kwa mazoea ukaenda zako. Kwenye pikapu inayobeba mzigo mzito na kuvuta tela, breki ya nyuma iliyokufa mapema huwa imeuawa na kitu, na kitu hicho hakiondoki kwa kununua padi mpya. Kazi hii nimezoea kuifanya nyumbani, na muda mwingi hunipotelea kwenye kuchunguza. Kufunga ni dakika chache.

Kwanza ujue gari lako lina nini. Hilux nyingi zina dramu nyuma, yaani ngoma inayozunguka na tairi na kushikwa kwa ndani na vipande viitwavyo shuu. Ford F-250 ina diski, sahani ya chuma inayobanwa na padi, pande zote nne tangu toleo la 1999. Ila hata zenye diski, mara nyingi ndani ya kofia ya diski kuna dramu ndogo yenye shuu zake, kwa ajili ya handibreki peke yake. Na kama handibreki yako ni ya umeme, ya kubonyeza kitufe, soma kitabu cha gari namna ya kuiweka kwenye hali ya matengenezo kabla hujagusa kalipa, kile kibanio chenye pistoni inayozisukuma padi. Ukilazimisha pistoni ya namna hiyo irudi ndani, unavunja mota yake.

Sasa suala la kuinua gari, ambalo sitalipita haraka kwa sababu ndilo linaloua watu. Ili dramu au diski itoke, lazima handibreki iwe imelegezwa. Wengi hujiambia, si neno, nimeacha gia ndani. Difu ya kawaida, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, haijali gia yako. Ukiinua tairi moja la nyuma, lile lililo hewani linaweza kuzunguka upande wake na lililo chini likabingirika upande mwingine, hata kama gari la otomatiki liko kwenye P. Kinacholishika gari wakati huo ni magogo uliyoyaweka kwenye matairi ya mbele, mbele yake na nyuma yake. Hakuna kingine. Basi tafuta sakafu ngumu iliyo sawa, shusha mzigo wote, legeza nati za tairi kidogo gari likiwa bado chini, kisha inua. Stendi zikae chini ya mirija ya ekseli, upande wa springi, na ziwe zimeandikwa uzito unaozidi wa gari lako. Zisikae chini ya difu. Kabla hujaingiza mkono, lisukume gari kwa nguvu ubavuni. Kama litacheza, afadhali licheze ukiwa umesimama.

Fungua upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili ubaki mzima uwe kielelezo chako, hasa kwa dramu zenye springi nyingi. Vipuri hata hivyo vinunuliwe vya pande zote mbili, maana padi mpya kushoto na kuukuu kulia zitakupa gari linalovuta upande mmoja.

Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Shuu za zamani zilikuwa na asbesto, na baadhi za sasa za bei rahisi huwezi kuapa kwamba hazina. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki, weka beseni chini, futa.

Kwa breki ya diski: fungua boliti mbili za pini za kalipa, itoe, kisha uifunge kwa waya kwenye springi. Kuiacha ining'inie kwa mpira wake wa breki, lile bomba la mafuta, ni tabia mbaya hata kama umewaona mafundi wa miaka mingi wakifanya hivyo. Mpira unachanika kwa ndani na nje unabaki mzuri.

Hapo toa padi na uzisome. Ziweke sakafuni kama zilivyokaa, ya ndani na ya nje. Kwenye kalipa ya kuteleza zinatakiwa zilingane, au zikaribiane. Ya ndani ikiwa imebaki bati na ya nje bado nene, kalipa haitelezi: pini zimekwama. Padi iliyolika kimshazari, nene kichwani nyembamba mkiani, imekwama kwenye bracketi, fremu inayoishikilia. Na kama padi zote mbili za kushoto zimekwisha huku za kulia zina maisha, kuna pistoni nzito au mpira wa breki uliovimba ndani.

Huo mpira ni mgonjwa mjanja. Ukivimba ndani unapitisha mafuta unapokanyaga, kisha unakataa kuyarudisha, kwa hiyo breki inabaki imekamata. Kipimo chake ni rahisi: kabla hujafungua chochote, zungusha tairi lililo hewani. Likiwa zito, fungua nipo, skrubu yenye tundu ya kutolea upepo. Mafuta yakichupa na tairi likawa jepesi ghafla, presha ilikuwa imefungiwa na mpira ndio mshukiwa wa kwanza. Tairi likibaki zito vile vile, tafuta kwenye pistoni, pini au handibreki.

Pini nazo zinataka subira. Ivute moja uitazame: grisi imekauka ikawa kama gundi ya kahawia, na pale kimpira chake cha kuzuia vumbi kilipopasuka kuna pete ya kutu inayokwaruza ukipitisha ukucha. Pete hiyo ndogo inatosha kumaliza padi ya ndani kabla ya wakati. Osha pini na tundu lake, pitisha msasa laini, na kama kutu imechimba, badilisha pini. Paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira na pini zitakwama tena.

Jambo ambalo wengi huliruka ni bracketi. Masikio ya padi hukaa kwenye vibati vya chuma kisichoshika kutu, na chini ya vibati hivyo bracketi yenyewe inaoza taratibu. Kutu inavimba, inakisukuma kibati, kibati kinaibana padi. Ukifunga padi mpya utaona zinaingia kwa kugongwa. Padi haigongwi. Toa vibati, sugua kwa brashi ya waya na kwa tupa (faili) hadi chuma king'ae, weka vibati vipya, na padi iingie kwa kidole.

Diski ikigoma kutoka, sababu ni mbili. Ya kwanza ni zile shuu za handibreki zilizochimba mfereji ndani ya kofia yake: tafuta kitundu chenye kizibo cha mpira, ingiza bisibisi, urudishe gurudumu la meno nyuma hadi shuu zilegee. Ya pili ni kutu kwenye habu, kitovu ambacho diski na tairi hufungwa. Diski nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi. Funga boliti humo kidogo kidogo kwa zamu, zenyewe zitaisukuma nje. Unene wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski, kama ambavyo kipenyo cha juu huandikwa kwenye dramu. Pima kwa maikromita, usikisie kwa jicho. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, yaoshe yote. Uso wa habu nao usugue, kwani ganda dogo la kutu nyuma ya diski utalisikia kwenye pedali.

Kuna pikapu ambazo diski au dramu imekaa nyuma ya habu. Humo itabidi uvute ekseli, ufungue nati ya beringi, utoe habu nzima. Kazi inakuwa ya siku, na sili mpya, ile pete ya kuzuia oili isivuje, iwe mkononi kabla hujaanza.

Tukiwa hapo kwenye sili: ukikuta gia oili upande wa ndani wa tairi, shuu au padi zikiwa zimelowa, usizioshe kwa petroli ukazirudisha. Zimekwisha kazi. Lakini kabla hujailaumu sili, panda na jicho juu ya ekseli utafute kipumulio. Ni kifuniko kidogo au kijibomba kinachoruhusu hewa kutoka. Difu ikipata joto hewa ya ndani inatanuka, na kipumulio kikiziba kwa matope inasukuma oili kwenye sili. Sili mpya juu ya kipumulio kilichoziba haidumu. Angalia pia kiwango cha oili, maana ipo difu iliyojazwa na mtu mwenye huruma kupita kiasi.

Kwa dramu nitasema machache, kwa kuwa upande wa pili upo wa kuiga. Kwenye baadhi ya mifumo shuu moja ina bitana (sehemu ya kusugua) fupi na nyingine ndefu, na fupi huelekea mbele ya gari. Virekebishaji vya kushoto na kulia vina nyuzi zinazopingana. Ukivibadilishana, breki itajilegeza yenyewe badala ya kujikaza. Funua kimpira cha wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma shuu, na kukiwa na majimaji ya kudondoka, badilisha. Paka grisi kidogo sana pale shuu zinaposugua sahani ya nyuma. Rekebisha shuu hadi dramu iingie na kusikika ikikwaruza kwa mbali, halafu ndipo ushughulike na waya wa handibreki, si kinyume chake.

Kurudisha pistoni, ninapenda kufungua nipo, kuchomeka kijipaipu kwenye chupa, kisha kubana pistoni taratibu kwa klampu na kufunga nipo kabla ya kuachia. Mafuta machafu ya miaka yanaishia kwenye chupa badala ya kurudi kwenye ABS, mfumo unaozuia matairi kukwama ukifunga breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ila ikishanywa maji kiwango hicho hushuka hadi karibu 140, na pikapu yenye tela mteremkoni hufika huko. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4.

Wakati wa kutoa upepo, mwambie msaidizi wako asizamishe pedali hadi sakafuni. Kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ya zamani, mipira ya ndani itapita mahali ambapo haijawahi kufika, palipo na kutu, na itachanika. Kipande cha ubao chini ya pedali kinamaliza ubishi.

Pikapu nyingi zina pia vali ya mzigo juu ya ekseli, yenye mkono unaohisi bodi imeshuka kiasi gani. Ukiongeza majani ya springi gari likainuka, vali inadhani gari ni tupu daima na inabania presha ya nyuma hata umepakia. Dalili yake inawafurahisha wenye magari: breki za nyuma hazikwishi kabisa, za mbele zinakwisha kila mara. Urekebishe mkono huo kwa vipimo vya gari lako. Kama vali ina nipo yake, itoe upepo nayo.

Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla hujawasha na kuingiza gia. Pistoni ziko ndani kabisa, na pedali ya kwanza huenda chini bila kukamata chochote. Nati za tairi kaza kwa spana ya kipimo, kwa mtindo wa nyota. Pikapu nyingi kubwa zenye nati nane hutaka kati ya Nm 190 na 225, kitabu chako kitasema hasa, na uzikaze tena baada ya kilomita 80 hadi 160.

Kisha tafuta barabara tupu uzilainishe padi: kutoka kama kilomita 50 kwa saa punguza hadi 15 bila kusimama kabisa, acha zipoe ukitembea, rudia mara kadhaa. Harufu kidogo ni kawaida. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kugusa, ulinganishe kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwaka kuliko mwenzake, inua gari tena, zungusha tairi, na uanze na ile nipo.